Mwenye shibe hamjui mwenye njaa: Siku tano kwa Sh1,125 mjini Songea

Na Mwandishi Maalumu, Songea

KWA miaka mingi tumezoea kusikia kwamba Watanzania wengi wanaishi kwa kipato cha chini ya dola moja kwa siku. Maneno hayo yamesemwa kwenye semina, yameandikwa kwenye mipango ya kupunguza umaskini na kurudiwa redioni, hadi yamekuwa kama wimbo ambao kila mtu anaujua lakini hakuna anayesikiliza maneno yake.

Swali ambalo ni wachache wanaojiuliza ni hili: hela hiyo, ukiipeleka gengeni, inanunua nini?

Mwezi Februari mwaka huu niliamua kulijibu swali hilo kwa tumbo langu mwenyewe. Kwa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, nikiwa nyumbani kwangu Bombambili katika Manispaa ya Songea, nilikula kwa kiasi cha fedha ambacho takwimu rasmi za nchi yetu zinasema ndicho mpaka wa umaskini wa chakula. Mke wangu na watoto hawakuhusishwa. Mtoto si wa kufanyiwa majaribio ya njaa, na mama watoto alisema wazi kwamba yeye hajasomea uchumi, hivyo aachwe ale kwa amani.

Nilichojifunza hakikuwa kile nilichotarajia. Nilidhani nitajifunza habari za njaa. Badala yake nilijifunza habari za kalenda, vipimo na magunia, mambo ambayo yanamhusu moja kwa moja mkulima na mfanyabiashara mdogo anayesoma ukurasa huu.

Zoezi lililovuma ng'ambo

Zoezi la namna hii halikubuniwa na mimi. Mwaka 2010 nchini Australia ilianza kampeni iliyoitwa Live Below the Line, ambayo iliwataka watu wale na kunywa kwa dola mbili tu za nchi hiyo kwa siku, muda wa siku tano. Lengo lilikuwa kuwaonjesha matajiri hali ya watu maskini na kuchangisha fedha. Kampeni hiyo ikafika Uingereza, ambako kiwango kilikuwa pauni moja kwa siku, na Marekani ambako kiwango kilikuwa dola moja na nusu. Mwaka 2013 mwigizaji maarufu wa filamu, Ben Affleck, alitangaza kushiriki.

Wamarekani wana zoezi lao jingine, la kula kwa kiasi kinacholingana na msaada wa chakula ambao serikali yao huwapa watu wa kipato cha chini. Desemba 2012 Cory Booker, wakati huo akiwa meya wa mji wa Newark, alilifanya kwa wiki moja. Aprili 2015 mwigizaji Gwyneth Paltrow alijaribu kuishi wiki nzima kwa chakula cha dola 29. Ilipofika kama siku ya nne alishindwa, na watu wengi walimcheka kwa sababu katika kikapu chake alikuwa amenunua ndimu saba.

Wakosoaji wa mazoezi hayo wana hoja nzito. Wanasema mtu anayechagua kushinda na njaa anajua siku itakayokwisha. Ana nyumba, ana jiko, ana akiba benki, na Jumamosi atakula nyama. Maskini wa kweli hana Jumamosi.

Hoja hiyo ni ya kweli, na mimi naikubali. Hata hivyo, jambo hili si geni kwetu. Waislamu wanafunga Ramadhani, Wakristo wana Kwaresima, na katika mafundisho ya dini zote mbili kufunga kunakwenda pamoja na kumkumbuka asiye nacho. Kwa hiyo kabla ya kulicheka zoezi la wageni, tuulize linaweza kutufundisha nini sisi, katika mkoa ambao mahindi yake yanalisha mikoa mingine.

Dola moja au Sh1,125?

Kwanza tuiweke sawa hesabu. Dola inayotajwa katika takwimu za umaskini si ile unayobadilisha dukani kwa shilingi. Ni dola ya kulinganisha uwezo wa kununua, yaani kile ambacho dola moja ingenunua Marekani. Kiwango chenyewe nacho kimekuwa kikibadilishwa na Benki ya Dunia. Kilianza kama dola moja, mwaka 2008 kikawa dola 1.25, mwaka 2015 kikawa dola 1.90, mwaka 2022 kikawa dola 2.15, na Juni 2025 kikapandishwa hadi dola 3.

Kwa mkulima wa Tanzania ni bora kutumia kipimo cha kwetu. Kwa mujibu wa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), kiwango cha umaskini wa chakula kwa Tanzania Bara ni Sh33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kiwango cha umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani chakula pamoja na mahitaji mengine, ni Sh49,320.

Utafiti huo ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya kiwango cha mahitaji ya msingi, na kwa vijijini walifikia asilimia 31.3. Waliokuwa chini ya kiwango cha chakula walikuwa asilimia 8. Asilimia 8 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa idadi ya watu wa Bara ni zaidi ya watu milioni nne.

Sasa gawanya Sh33,748 kwa siku 30. Unapata kama Sh1,125 kwa siku. Hiyo ndiyo hela ya kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha jioni. Ukitoa kiwango cha chakula kwenye kiwango cha mahitaji ya msingi, inabaki Sh15,572 kwa mwezi, sawa na kama Sh519 kwa siku. Hiyo ndiyo ya mkaa, sabuni, nguo, kodi ya nyumba, nauli, daftari la mtoto na dawa.

Ikumbukwe pia kwamba hizo ni bei za wakati wa utafiti. Tangu hapo bei zimepanda, kwa hiyo Sh1,125 ya leo inanunua pungufu ya ile ya mwaka 2018. Mimi niliamua kuichukua hivyo hivyo bila kuiongeza.

Daftari la siku tano

Kwa siku tano fedha yangu ilikuwa Sh5,625. Kama msomi yeyote, nilianza na mpango kwenye karatasi. Kwa bei nilizozikuta mtaani, mpango wangu ulikuwa hivi: unga wa dona kilo mbili na nusu kutoka mashineni kwa Sh1,000 kila kilo, yaani Sh2,500, maharage nusu kilo Sh1,100, mafuta ya kupima vipimo viwili Sh600, mboga za majani mafungu matatu Sh600, nyanya Sh300, vitunguu Sh200, na chumvi Sh200. Jumla Sh5,500. Chenji Sh125.

Ukihesabu nguvu ya chakula hicho, kinafika kama kalori 2,300 kwa siku. Kiwango cha umaskini wa chakula cha NBS kinahesabiwa kwa kalori 2,200 kwa mtu mzima. Kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa nimeshinda. Hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna dagaa, hakuna yai, hakuna tunda, hakuna chai wala sukari, lakini kalori zimetimia.

Nilipomweleza mpango huo mama mmoja mwenye genge jirani na kwetu, alicheka sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo elfu tano na mia sita unayo yote leo?"

"Ninayo."

"Basi wewe si maskini. Wateja wangu wanakuja na elfu moja ya leo. Ya kesho bado iko kwa Mungu."

Maneno hayo yaliuvunja mpango wangu. Nikarudi nyumbani, nikaifungia hela kwenye bahasha tano, na nikakubaliana na mwenyewe kwamba kila asubuhi nitafungua bahasha moja tu.

Siku ya kwanza nilinunua nusu kilo ya unga gengeni kwa Sh600, kipimo kimoja cha mafuta Sh300 na fungu la mboga Sh200. Ikabaki Sh25, ambayo hainunui kitu. Chumvi nilichota jikoni kwetu, na hapo nikakumbuka wakosoaji wa akina Paltrow. Siku ya pili nilitamani maharage. Robo kilo ni Sh600, kwa hiyo ilinibidi nipunguze unga hadi robo kilo ya Sh300, na kitunguu cha Sh100. Siku ya tatu nilimalizia maharage. Kufikia hapo kichwa changu hakikuwa na wazo jingine zaidi ya bei. Nilipita mbele ya kibanda cha chipsi nikihesabu mayai.

Siku ya nne ulitokea msiba mtaani. Mchango wa rambirambi ulikuwa Sh1,000 kwa kila nyumba. Mfukoni nilikuwa na hela yangu nyingine ya kawaida, lakini nilijiuliza: mtu ambaye hana hiyo nyingine angefanya nini? Nikaitoa kwenye bahasha ya chakula. Jioni nilikula ugali wa unga uliobaki na majani ya maboga ambayo jirani alinipa.

Hapo nilielewa jambo ambalo vitabu vya uchumi hulieleza kwa maneno magumu. Familia maskini inapopata dharura, kitu cha kwanza kukatwa ni chakula, si mchango wa msiba. Si kwamba watu hawana akili. Rambirambi ni bima. Asiyezika wenzake hatazikwa vizuri, na asiyechangia leo hatakopeshwa kesho. Sufuria ndilo linalopunguzwa kwa sababu sufuria halina mdomo wa kulalamika mtaani.

Siku ya tano nilikwenda shambani kwangu, nje kidogo ya mji, kupalilia mahindi. Mistari ambayo kwa kawaida naimaliza kabla ya saa tano, siku hiyo ilinishinda. Mikono ilikuwa mizito na jembe likawa kama la chuma kitupu. Jumamosi nilikula ndizi na nyama, nikalala mchana kutwa.

Njaa ya palizi

Jambo la siku ya tano ndilo linalopaswa kumsumbua kila mkulima wa Ruvuma. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Mavuno ni kuanzia Mei. Maana yake ni kwamba miezi ambayo ghala linakuwa tupu, Januari hadi Machi, ndiyo miezi ambayo shamba linahitaji nguvu kuliko wakati wowote: palizi, mbolea ya kukuzia, na kupambana na wadudu.

Kaya iliyoishiwa chakula Februari hufanya nini? Baba na mama wanakwenda kufanya kibarua kwenye shamba la mtu mwingine ili wapate unga wa jioni. Wakati wanapalilia mahindi ya tajiri kwa wakati unaofaa, mahindi yao wenyewe yanamezwa na magugu. Wakirudi kwao, wamechelewa na wamechoka. Mavuno yanakuwa haba, na Februari inayofuata wanarudi kule kule.

Umaskini wa namna hiyo hautokani na uvivu wala na ardhi mbaya. Unatokana na gunia moja au mawili yaliyokosekana katika mwezi fulani. Ndiyo maana nasema somo la siku zangu tano lilikuwa la kalenda. Sh1,125 ya Julai na Sh1,125 ya Februari si hela moja.

Kwa nini maskini ananunua ghali

Somo la pili ni la vipimo, na hili linawahusu wafanyabiashara wadogo. Kikapu kile kile nilichokipanga kwa Sh5,500, ukikinunua kidogo kidogo kila siku, hakibaki kwenye bei hiyo. Unga wa nusu kilo gengeni ni Sh600 badala ya Sh500 ya mashineni. Maharage ya robo robo yanafika Sh1,200 badala ya Sh1,100. Jumla inakuwa Sh6,100, yaani Sh475 zaidi ya hela yote niliyokuwa nayo. Mtu mwenye hela kidogo analipa Sh600 zaidi kwa siku tano kwa chakula kile kile. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mlo wa siku nzima.

Mafuta ndiyo mabaya zaidi. Nilipopima nyumbani, kipimo cha Sh300 kiliingia mara 25 kwenye lita moja. Maana yake anayenunua kwa kipimo analipa Sh7,500 kwa lita, wakati chupa ya lita dukani niliikuta kwa Sh5,500.

Je, mama mwenye genge ni mnyonyaji? Nilimuuliza, naye hakukasirika. Alinieleza kwamba mafuta yanamwagika wakati wa kupima, kwamba wateja wengine wanakopa na kuhama mtaa, na kwamba mtaji wake wenyewe ameukopa kwa wale wa kausha damu, ambao wanataka rejesho kila siku, genge liwe limeuza au halikuuza. Kwa maneno mengine, mama huyo naye ananunua fedha kwa kipimo. Riba kubwa anayotozwa yeye ndiyo hiyo hiyo inayoonekana kwenye kipimo cha mafuta cha mteja wake.

Kwa hiyo anayetaka kupunguza bei ya chakula cha maskini mjini asianze kwa kumkemea mwenye genge. Aanze na mtaji wake. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, na ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha akina mama wa magenge kikipata mtaji wa aina hiyo na kununua mafuta kwa dumu na maharage kwa gunia kwa pamoja, kinaweza kupunguza bei na bado kikapata faida.

Mkoa wa mahindi, watoto waliodumaa

Somo la tatu ndilo linaloumiza. Kilo moja ya unga wa dona ina kama kalori 3,600. Kwa hiyo kama gramu 600 za unga, kwa bei ya mashineni Sh600 hivi, zinatosha kumfikisha mtu mzima kwenye kalori 2,200. Kwa maana ya kujaza tumbo, mahindi ndiyo njia rahisi kuliko zote. Mtu mwenye bajeti finyu akikata kitu, anakata mboga na anaacha ugali. Hata mimi siku ya nne nilifanya hivyo.

Matokeo ya hesabu hiyo yanaonekana kwa watoto. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba kama asilimia 44 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Ruvuma walikuwa wamedumaa. Katika utafiti wa mwaka 2022 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi kama asilimia 36, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Kushuka ni jambo la kushukuru. Lakini mkoa unaosifika kwa mahindi bado ulikuwa juu ya wastani wa nchi, na ndivyo ilivyokuwa kwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo nayo ni mikoa ya chakula.

Mtoto hadumai kwa kukosa ugali. Anadumaa kwa kukosa kile kinacholiwa na ugali, kwa uji mtupu wa mara mbili kwa siku, kwa maradhi ya mara kwa mara, na kwa mama ambaye wakati wa palizi anatoka alfajiri na kurudi jioni. Ajabu ni kwamba vitu vinavyohitajika havitoki mbali. Dagaa wanatoka Ziwa Nyasa, upande wa Mbamba Bay. Maharage yanalimwa Mbinga na Songea. Soya inalimwa kwa wingi mkoani kwetu, lakini sehemu kubwa tunaifunga kwenye magunia na kuiuza nje ya mkoa bila hata debe moja kubaki kwa ajili ya uji wa mtoto.

Simaanishi kwamba mkulima asiuze soya. Soya ni fedha. Ninachosema ni kwamba kilo chache za soya iliyopikwa au kukaangwa vizuri na kusagwa pamoja na mahindi kwa ajili ya uji ni gharama ndogo sana ukilinganisha na hasara ya mtoto ambaye akili na mwili wake havikukua inavyopasa.

Gunia la chakula na gunia la biashara

Sasa tufike kwenye ushauri. Chukua kaya ya baba, mama na watoto watatu, tuseme inakula sawa na watu wazima wanne. Kila mmoja akitumia nusu kilo ya unga kwa siku, ni kilo mbili kwa siku na kilo 730 kwa mwaka. Ongeza wageni, upotevu na tahadhari ya mavuno kuchelewa, unapata magunia manane ya kilo 100. Hayo ni magunia ya chakula.

Wakulima wengi hawafanyi hesabu hiyo wakati wa mavuno. Juni inafika, ada inadaiwa, deni la pembejeo linadaiwa, mnunuzi yuko mlangoni na gari. Magunia yote yanaonekana kama fedha. Tuseme mkulima anauza magunia mawili kati ya yale manane kwa Sh500 kwa kilo, halafu Februari anayanunua tena kwa Sh800. Amepoteza Sh60,000. Mfuko wa mbolea ya ruzuku ulipoanza kutolewa mwaka 2022 mkulima aliuchangia Sh70,000. Kwa hiyo hasara hiyo inakaribia mfuko mzima wa mbolea. Kwa kipimo changu cha Sh1,125, ni chakula cha mtu mzima kwa siku 53.

Msomaji atasema: bei haipandi kila mwaka. Ni kweli. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na wakulima waliokuwa wameshikilia mzigo wakisubiri bei nzuri waliumia. Ndiyo sababu nasisitiza tofauti kati ya magunia hayo mawili. Gunia la biashara ni la kubahatisha. Unaweza kuliuza mapema au kusubiri, kuliuza kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) au kwa mfanyabiashara, kulingana na bei na mahitaji yako. Gunia la chakula halibahatishwi. Bei ikipanda, umeokoa. Bei ikishuka, bado umekula, na hukwenda kibarua wakati wa palizi. Faida ya gunia hilo haiko kwenye bei ya mahindi pekee. Iko kwenye shamba ulilolipalilia kwa wakati.

Ili gunia hilo lifike Februari likiwa zima, mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kuhifadhiwa, kwa sababu mahindi mabichi huleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa dumuzi, mifuko isiyopitisha hewa inasaidia, na kwa magunia manane gharama yake ni ndogo kuliko kupoteza hata gunia moja.

Aidha, wakulima walio kwenye vyama vya msingi na vikundi vya kuweka na kukopa wanaweza kujipanga ili ada ya Julai isitoke kwenye gunia la chakula. Kikundi kinaweza kumkopesha mwanachama fedha ya ada wakati wa mavuno, naye akarejesha baada ya kuuza gunia la biashara kwa bei nzuri. Hapo akiba ya kikundi inakuwa kinga ya sufuria.

Viongozi nao waonje

Kwa upande wa viongozi na wataalamu wenzangu, napendekeza zoezi dogo. Kabla ya kuandaa bajeti nyingine ya kilimo au lishe, kila mmoja wetu achukue bahasha tano za Sh1,125 na afanye hivyo mwezi Februari, si Julai. Asinunue vyote Jumatatu. Anunue kila siku gengeni, na msiba ukitokea achangie kutoka kwenye bahasha hiyo hiyo. Siku ya tano achukue jembe.

Sisemi kwamba kwa kufanya hivyo atakuwa ameujua umaskini. Mimi siujui umaskini kwa kula ugali na majani ya maboga siku moja. Lakini atakuwa ameona mahali ambapo takwimu zinavuja: kwenye kipimo cha mafuta, kwenye unga wa nusu kilo, kwenye mistari ya mahindi ambayo haikupaliliwa. Mahali hapo ndipo penye kazi.

Nilipokwenda kumshukuru yule mama wa genge, aliniuliza kama nimeshiba. Nikamwambia nimeshiba. Akanipimia kipimo cha mafuta, akaongeza matone machache juu, akasema: "Basi kawaambie wenzio wa ofisini, mahindi ya kula hayauzwi."

Mavuno ya msimu huu yakianza kuingia, hesabu magunia yako kabla mnunuzi hajafika mlangoni. Manane kwanza, au kwa kadiri ya watu wa nyumbani kwako. Yanayobaki ndiyo ya kuzungumza naye bei.